Skurubu Mbili za Sailensa

Kiwanda kilipopunguza watu, mie nilikuwa karani wa stoo, na funguo za stoo ile nilikuwa nimekaa nazo miaka kumi na minne. Walituita kwa makundi. Kundi letu lilikuwa la watu thelathini hivi, tukasomewa karatasi moja, tukaambiwa kiinua mgongo kitatoka mwisho wa mwezi, na tukapeana mikono getini kama watu waliotoka mazikoni.

Sikumwambia mke wangu kwa siku tisa. Kila asubuhi nilivaa shati la kazi, nikapanda baiskeli, nikatoka nyumbani Mtoni nikiwa kama mtu anayewahi kengele. Nilizunguka Temeke yote, nikakaa chini ya vivuli vya maduka ya watu, nikala muhogo wa kuchoma, na saa kumi jioni nikarudi. Siku ya kumi nikashindwa kuvaa. Nikamkuta barazani kwenye cherehani yake, anafupisha suruali ya mtu, nikamwambia.

Akasema, "Pole mume wangu. Chai iko kwenye chupa."

Basi. Hakusimamisha hata mguu kwenye pedeli.

Cherehani ile ndiyo iliyokuwa ikituvusha. Zamani mke wangu alikuwa anashona magauni ya harusi na sare za shule, na watu walikuwa wakipanga foleni kuanzia mwezi wa Shaabani ili wapate nguo za Idi. Mitumba ilipofunguliwa mlango, watu wakaacha kushonesha. Kazi yake ikawa kupunguza viuno na kufupisha suruali za Wazungu wenye miguu mirefu. Hakulalamika. Alisema tu kwamba siku hizi anashona nguo ambazo mtu mwingine ameshazishona, na kwamba huyo mwingine, awe nani huko aliko, anajua kazi.

Wenzangu kiwandani kila mmoja alikwenda na njia yake. Kuna aliyefungua genge la mboga, kuna aliyeingia kwenye mitumba, kuna aliyerudi kwao bara. Mie nikanunua mashine ya boti.

Wazo lilitoka kwa shemeji yangu, kaka mkubwa wa mke wangu, mvuvi wa Kimbiji. Alikuwa na boti ya mbao, ndefu, imara, aliyoijenga kwa mkono wake, lakini mashine aliyokuwa akiitumia ilikuwa ya mtu, na mwenye nayo alikuwa ameichukua. Akaniambia, "Shemeji, wewe leta mashine. Boti ninayo, bahari naijua. Tutapakia samaki na abiria kutoka Kimbiji mpaka Feri. Barabara yenyewe unaiona ilivyo, mvua ikinyesha lori linalala njiani."

Niliipata Kariakoo, kwenye uwanja nyuma ya duka ambako walikuwa wanafungua makontena. Ilikuwa mashine ya pistoni mbili, nguvu za farasi ishirini na tano, imetumika, rangi imechubuka. Mwenye duka alikuwa mzee wa Kihindi aliyezaliwa mjini hapa hapa, na Kiswahili chake cha Kariakoo kilinishinda mie. Aliiweka kwenye pipa la maji, akavuta kamba mara mbili, ikanguruma mpaka mabati yakatetemeka.

"Mie nauza ilivyo, ndugu yangu," akaniambia. "Ikitoka mlangoni ni yako. Lakini chukua na kitabu chake, kilikuja nayo."

Kitabu kilikuwa cha Kiingereza, chenye michoro, kurasa zimeganda kwa oili. Nilifurahi kukipata kuliko hata mashine. Miaka kumi na minne ya stoo ilikuwa imenifundisha kuamini chochote kilichoandikwa.

Tuliifunga kwenye boti, na wiki ya kwanza ilikwenda vizuri. Ikikimbia ilikuwa inakimbia kweli. Tatizo lilikuwa pale unapotaka ipunguze. Mafundi wa Dar wana neno lao la ule mlio wa chini kabisa, pale mashine imewaka ila haikimbii. Wanauita sailensa. Mashine yetu haikuwa na sailensa. Ukipunguza moto, yaani kasi yake, ilikuwa inayumba, inatetemeka kama mwenye homa, halafu inazima.

Fundi wa pale Feri, kwenye soko la samaki, mtu wa makamo aliyekuwa akitengeneza mashine za wavuvi wengi, aliitazama mara mbili. Alibadilisha plagi. Kisha akakaza ile skurubu inayozuia moto usishuke, mashine ikawa inapiga kelele hata boti ikiwa imesimama.

"Sailensa hiyo hapo, bosi!" akaniambia akifuta mikono.

Lakini kwa moto mkubwa vile, ukitia gia ilikuwa inagonga *ngwa!* kama mlango wa lori, na shemeji akasema meno ya gia hayatamaliza mwezi. Akairudisha skurubu ilivyokuwa. Tukabaki na mashine inayojua kukimbia tu.

Sasa Kimbiji, mbele ya pwani, kuna mwamba. Boti inapita penye mlango, uwazi mmoja usio mpana. Ukifika pale hupiti tu. Unapunguza, unasubiri, unaangalia mawimbi yanavyokuja, na likipita kubwa unaingia nyuma yake. Asubuhi moja tulikuwa tunatoka, na mie nilikuwemo. Tulikuwa na matenga ya samaki na abiria sita. Shemeji akapunguza moto ili asubiri. Mashine ikazima.

Alivuta kamba. Akavuta tena. Boti ikageuka ubavu taratibu, na wimbi lililofuata likaingia ndani. Matenga yakateleza, watu wakaangukiana. Mama mmoja muuza samaki aliangukia mkono wake, na nikausikia ukivunjika. Shemeji aliruka mbele na upondo, akausukuma mwamba kwa nguvu zake zote, akaigeuza boti. Tukarudi pwani kwa upondo.

Tulimpeleka yule mama zahanati. Alikuwa amekaa kwenye benchi, mkono umefungwa kwenye mbao, akaniangalia bila hasira. "Baba," akasema, "mashine yako inatuacha pale pale tunapoihitaji."

Shemeji alinisaidia kuifungua kwenye boti. "Sikasiriki, shemeji," akaniambia. "Lakini sipandi nayo tena mpaka ijifunze kutulia bila kufa."

Nikairudisha kwa lori mpaka Kigamboni, nikavuka nayo kwa pantoni, nikaiingiza Mtoni kwa mkokoteni. Nikaiweka uani kwenye pipa la maji, nimeibana kwenye ubao mnene, hatua kumi kutoka barazani kwa mke wangu. Nikafungua kitabu.

Kitabu kilieleza vizuri. Mashine ile ilikuwa na kabureta mbili, moja juu na moja chini, kila moja na skurubu yake ndogo ya shaba, yenye springi shingoni, inayopima petroli na hewa wakati wa sailensa. Unaigeuza kulia taratibu mpaka igote, bila kukaza, halafu unairudisha kushoto mzunguko mmoja na nusu. Hapo ndipo pa kuanzia. Nikachukua daftari la shule, nikachora safu, nikawa naandika huku nikisoma kwa sauti: juu, mzunguko mmoja na nusu, chini, mzunguko mmoja na nusu, matokeo, imezima. Juu, mmoja na robo tatu, chini, mmoja na robo, matokeo, imezima. Siku tatu nilijaza kurasa kumi na moja. Uani kulikuwa kumejaa moshi wa bluu, kuku walikuwa wamehamia kwa jirani, na mabinti zetu wawili wakitoka shule walipitia mlango wa mbele wakiwa wameziba masikio.

Siku ya nne, ilikuwa Jumamosi asubuhi, mashine ilikuwa inayumba kama kawaida yake, mie nimeinama na bisibisi. Mke wangu akasema kutoka barazani, bila kuinua kichwa:

"Hiyo ya chini haipo."

"Haipo nini?"

"Haipo. Ya juu ukiigusa inasema. Ya chini unaizungusha tu, haisemi kitu."

Nilimweleza. Nilimweleza kwa uvumilivu, kama karani anavyomweleza mtu asiyejua fomu: kwamba kuna pistoni mbili, kwamba zinapokezana, kwamba mlio mmoja hauwezi kutenganishwa na mwingine. Alinisikiliza mpaka mwisho, sindano iko midomoni.

"Sawa," akasema. "Lakini hebu ifunge hiyo ya chini kabisa, mpaka igote. Tuone kama itajali."

Nikaigeuza kulia. Robo. Nusu. Mzunguko mzima. Ikagota. Kwa mujibu wa kitabu, pistoni ile ilitakiwa iwe imekosa chakula, mlio ubadilike, mashine ife. Haikufa. Iliendelea kuyumba vile vile, kwa kiasi kile kile, kana kwamba sikuigusa. Nikaigeuza ya juu kidogo tu, unene wa kucha, mlio ukabadilika papo hapo.

Nilisimama na bisibisi mkononi. Kurasa kumi na moja nilikuwa nimeandika, na jambo lile halikuwemo hata kwenye mstari mmoja.

"Umejuaje?"

Akatoa sindano mdomoni. "Cherehani ikiishiwa uzi wa chini, mlio wake unabadilika kabla mshono haujafumuka. Unakuwa mwepesi. Hiyo yako inashona kwa uzi wa juu peke yake tangu uilete."

Tukaifungua kabureta ya chini pale pale barazani, juu ya kitambaa cheupe alichokitandika mwenyewe ili vidude visipotee. Ndani kulikuwa na tundu dogo la kupitisha petroli ya sailensa, dogo kiasi kwamba nililazimika kuliinua kwenye jua ili nilione. Jua halikupita. Nikaenda kutafuta waya.

"Kitabu kinasemaje kuhusu waya?" akaniuliza.

Nikatazama. Kitabu kilisema usitumie waya, utapanua tundu.

Akachukua uzi wa kushonea makoti, akaupitisha kwenye kipande cha nta mara tatu mpaka ukawa mgumu kama unywele wa brashi, akaukata ncha kwa mshazari, akaanza kuusukuma. Uliingia kiasi cha kucha, ukagoma. Akalitumbukiza lile pande la chuma lenye tundu kwenye bakuli la petroli, akarudi kwenye suruali zake. Mie nilitaka kulitoa kila baada ya dakika mbili. "Liache lilowe," akasema. Alimaliza suruali mbili na sketi moja. Kisha akajaribu tena, akizungusha uzi kati ya kidole gumba na cha shahada, hasukumi, anazungusha tu, na uzi ukatokea upande wa pili ukiwa na kitu cheusi kwenye ncha, kama sukari iliyoungua. Petroli ya zamani na oili, iliyogandia humo labda miaka, kwenye nchi ambayo hatukuijua.

Tuliinua tundu tena kwenye jua. Safari hii nikaona nukta ya mwanga.

Nilipoirudishia na kuvuta kamba, iliwaka kwa mlio ambao sikuwa nimewahi kuusikia kutoka kwake. Haikuwa imetulia bado, lakini ilikuwa nzima, kama mtu aliyekuwa anachechemea na sasa ameshusha mguu wa pili. Nikainama na bisibisi yangu.

"Lete mie," akasema.

Aliiacha yangu, akaenda kwenye droo ya cherehani akachukua bisibisi yake ndogo, ile ya kurekebishia mvuto wa uzi. Akajifunga kanga kiunoni, akachuchumaa kando ya pipa. Alianza na ya juu. Aliigeuza kulia kidogo kidogo, na kila akigeuza alikuwa anaacha mkono na kusubiri. Nilimwona midomo ikihesabu: moja, mbili, tatu, nne.

"Unasubiri nini?"

"Ipe nafasi ijibu. Wewe unaiuliza swali la pili haijajibu la kwanza."

Aligeuza mpaka mashine ikaanza kupiga chafya, chafya fupi fupi kavu. "Hapa ina njaa," akasema. Akairudisha kushoto, ikapita penye laini, ikaendelea mpaka ikawa nzito, inatoa moshi, inaongea kama mtu aliyejaza chakula mdomoni. "Hapa imevimbiwa." Kisha akarudi katikati, akapita, akarudi tena, kila safari nafasi ikizidi kuwa ndogo, mpaka nikawa sioni kabisa kama mkono wake unageuka. Akahamia ya chini, akafanya vile vile. Akarudi ya juu. Mwisho akaishika ile skurubu kubwa ya kuzuia moto, ile aliyowahi kuikaza fundi wa Feri, na akaanza kuilegeza.

Mlio ukashuka. Nilisubiri uzime, maana pale ndipo ulipokuwa ukizima siku zote. Haukuzima. Akalegeza tena. Mlio ukashuka mpaka nikawa nauhesabu, pigo moja moja, kila pigo limesimama peke yake na nafasi yake, na yote yamelingana. Maji ya kwenye pipa yaliacha kurukaruka, yakafanya duara nyembamba zinazotoka katikati na kufika ukingoni, moja nyuma ya nyingine.

Mama wa jirani akachungulia juu ya ukuta. "Afadhali mmeizima," akasema.

"Iko hai," mke wangu akamjibu.

Nilirudi Kimbiji kama mshindi. Tukaifunga, tukaiwasha, shemeji akaisikiliza akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya mwamba. Kisha akatia gia, na mashine ikafa. Akaiwasha, ikatulia kama maji ya mtungi. Akatia gia, ikafa. Shemeji aligeuza uso akatazama baharini, na mie nikatazama vidole vyangu vya miguu.

Nilirudi Mtoni kesho yake, nimejiandaa kwa maneno mengi. Mke wangu aliyakata yote kwa swali moja.

"Ilikuwa na kazi?"

"Kazi gani?"

"Kule kwenye pipa ilikuwa imekaa tu. Pangaboi halisukumi kitu. Hata mie cherehani siirekebishi bila kitambaa. Unaweka kitambaa kile kile utakachokishona, ndiyo unageuza skurubu."

Nikachukua kitabu. Ukurasa uliofuata ule niliokuwa nikiusoma ulikuwa umegandana kwa oili na nilikuwa sijaubandua. Niliubandua kwa kisu cha mezani. Ulisema, kwa maneno machache, kwamba marekebisho ya mwisho yafanyike chombo kikiwa majini, gia imeingia.

"Nitakuja mwenyewe," akasema.

Hili halikuwa jambo dogo. Mke wangu alizaliwa Kimbiji, baba yake na kaka zake wote watu wa bahari, lakini yeye tangu utoto chombo kilikuwa kinamtapisha hata kikiwa kimefungwa. Toka tuoane sikuwahi kumwona ndani ya boti. Kwao alikuwa anakwenda kwa lori, na kwenye pantoni ya Kigamboni alikuwa anafumba macho.

Tulifunga boti kwa kamba nene kwenye gogo lililosimikwa pwani, tumbo la boti likielea penye maji ya kiunoni, ili mashine isukume lakini isiende. Alipanda akiwa ameshika ndimu iliyokatwa puani.

"Mdogo wangu, utatapika," kaka yake akamwambia.

"Nitatapika, halafu nitaendelea."

Na ndivyo ilivyokuwa. Mashine ilitakiwa ipate joto kwanza, na katika dakika zile za kusubiri alitapika mara mbili upande wa pili, akanawa uso kwa maji ya chumvi, akarudi kukaa karibu na mashine, uso umepauka. Ili asahau tumbo, nikamzungumzisha. Nikamwuliza hayo masikio aliyapata lini.

"Sina masikio," akasema. "Nakaa tu barazani siku nzima, mguu unakwenda. Mtu ukikaa mahali pamoja unasikia." Akainusa ndimu tena. "Siku zile ulizokuwa unajifanya unakwenda kazini, nilijua siku ya kwanza."

"Nani alikwambia?"

"Baiskeli. Ukitoka kazini kweli unaiegemeza ukutani kwa nguvu, inagonga, mtu amechoka, anataka chakula. Siku ile uliiweka taratibu kama mgeni. Nikasema, huyu leo hana kazi."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa bado hujawa tayari. Ningesema ungekufa, kama hii." Akaigusa mashine begani. "Haya, kaka, tia gia."

Gia ikaingia. Boti ikavuta kamba, kamba ikakakamaa, na mlio wa mashine ukaanza kuzama. Kabla haijafa mkono wake ulikuwa tayari umeshageuza ya juu kushoto, kidogo, na ya chini kushoto, kidogo, na mashine ikashika. Akahesabu pumzi nne. Wimbi dogo likainua boti, akafumba macho, akameza mate, akageuza tena. Mie nilikuwa nimesimama majini nimeshika ukingo wa boti, nikimwangalia mwanamke niliyeishi naye miaka mingi, niliyezaa naye, niliyedhani namjua hata kwa kikohozi, na nikawa kama ninayemwona mtu anayepita njiani katika mji mwingine. Hata kumsifu niliona ni utovu wa adabu.

Alipomaliza, mashine ilikuwa inasukuma maji ya kweli kwa mlio ule ule wa kuhesabika. Nyuma ya pangaboi maji yalikuwa yanajikunja polepole kama unga unaokandwa.

"Sasa twende kwenye mlango," akasema.

Kaka yake akamtazama. "Wewe shuka. Umeshamaliza."

"Sijaisikia pale inapofia. Twende."

Tulikwenda watatu. Tulipokaribia mwamba, shemeji akashusha moto mpaka chini kabisa, na mie nikajikuta nimekamata ubao kwa mikono yote miwili. Mashine haikuzima. Ilibaki inapiga, moja, moja, moja, na kwa kuwa mlio ulikuwa mdogo hivyo, tulisikia vitu ambavyo kwa kelele za siku zote hatukuwahi kuvisikia tukiwa pale: maji yakinyonywa kwenye matundu ya mwamba, yakitemwa, kaa wakikimbia juu ya jiwe, wimbi likivuta pumzi kabla halijainuka. Shemeji, ambaye alikuwa amepita mlango ule tangu ana meno ya utoto, alikaa anasikiliza kama mgeni. Aliacha mawimbi yapite, moja, jingine, jingine, bila haraka, hana hofu kwamba atakapohitaji nguvu hataipata. Nilihesabu saba. La saba lilipopita akaongeza moto kidogo, na tukateleza katikati ya mwamba kwa utulivu kiasi kwamba ndimu iliyokuwa juu ya ubao haikuviringika.

Upande wa pili shemeji alivua kofia yake, akaiweka kwenye goti. "Subhanallah," akasema.

Mke wangu alikuwa ameinama, kichwa kati ya magoti. "Ya chini iongezwe kidogo," akasema kwa sauti ya mgonjwa. "Kidogo sana." Akanyoosha mkono bila kutazama, akaipata skurubu, akaigeuza.

Tulifanya kazi na mashine ile miaka kadhaa, na kazi ilitusomeshea mabinti. Yule mama muuza samaki alipopona mkono alipanda safari ya kwanza, akachagua kukaa nyuma kabisa, karibu na mashine, kana kwamba ana jambo la kumalizana nayo. Alipofika Feri alishuka akasema, "Haya. Tumepatana." Mie mwenyewe nilijaribu kujifunza. Nilifumba macho, nikahesabu pumzi nne, nikageuza. Nilichosikia ni mashine. Mke wangu alisema itakuja. Haikuja, na nilikwisha kukubali.

Habari zilifika Feri kabla hatujazipeleka. Mchana mmoja nilikuwa uani nikaona mkokoteni unaingia, juu yake mashine ya mtu, na nyuma ya mkokoteni yule fundi aliyeitengeneza yetu mara mbili. Alikuwa amevaa shati safi. Alinisalimia kwa kifupi, akatazama huku na huku, akaniuliza, "Bosi, yule fundi wako yuko wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidevu. Mke wangu alikuwa barazani, shingo imezungukwa na futi ya kupimia, anapunguza sare za shule.

Fundi alidhani natania. Alipoona sicheki akasogea. "Mama, habari za saa hizi. Nimeambiwa..." Akakwama. Nilimhurumia. Mie nilikuwa na kurasa kumi na moja za daftari. Yeye alikuwa na jina lake pale Feri.

"Leo siwezi," mke wangu akasema. "Shule zinafunguliwa Jumatatu. Iache hapo, uje Jumanne. Na uje wewe mwenyewe, usitume mtu."

"Nije nifanye nini?"

"Utageuza wewe. Mie nitakaa pembeni."

Jumanne alikuja mapema. Walichuchumaa pande mbili za pipa, yeye na bisibisi, mke wangu na mikono yake juu ya magoti. Mashine ilikuwa inayumba vibaya. Fundi aligeuza haraka, mke wangu akamgonga kidole. Akageuza tena, akagongwa tena. Nilikuwa mlangoni, nikaona mabega ya yule bwana yakishuka taratibu, kama ya mtu anayetua mzigo, na macho yakifumba.

"Mama," akasema baada ya muda, "wewe hapo unasikia nini?"

"Nyamaza kwanza," mke wangu akamjibu.

Akanyamaza. Nikawaacha, nikaenda jikoni kuwasha mkaa niwachemshie chai.